Buti Nne za Askari wa Sura Moja

Mwezi uliopita nilisimama kando ya soko la Kampemba, hapa Lubumbashi, kuzibiwa mpira wa baiskeli ya mjukuu wangu. Kijana wa kibandani akakwangua mpira, akafungua kopo la gundi, na ile harufu ikanipanda puani hata kabla hajaipaka. Nikabaki nimesimama natabasamu peke yangu mpaka akaniuliza, "Mama, kuko nini?" Nikamwambia hakuna kitu, aendelee na kazi yake. Nilikuwa mwongo. Nilikuwa nimerudi Kamalondo, kwenye barza ya baba, kibaraza cha mbele ya nyumba, na mbele yangu zilikuwa zimepangwa buti nne mpya, nyeusi, kila moja ndogo kuliko kidole changu gumba.

Baba alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa upande wa kushoto wa barza, na upande wa kulia ilikaa meza fupi ya Tonton Mwansa, yaani mjomba Mwansa, fundi viatu, mtu wa Kasenga, ambaye siku moja alijikinga mvua kwetu na mvua ilipokatika hakuondoka tena. Watu wa avenyu yetu walikuwa wanasema kwamba ukiingia kwa hao wawili uchi na peku unatoka bwana harusi. Baba alishona kimya, Tonton Mwansa alipiga misumari huku akizungumza, na mimi nilikaa katikati nikiokota vipande vya nguo.

Sikukaa peke yangu. Sisi tulizaliwa wawili, mimi Kyungu na ndugu yangu Kabange, na ukimtajia Muluba yeyote majina hayo mawili atajua mara moja kwamba ni mapacha, au mapasa kama tunavyosema kwetu. Mama alikuwa Mama Mapasa, baba alikuwa Papa Mapasa, na majina yao mengine yalishasahaulika. Kutuzaa kuliwapa heshima, lakini kuliwapa pia sheria, na mlinzi wa sheria alikuwa nkambo, mama yake baba. Anachopewa mmoja, apewe na mwenzake, siku ileile, kwa kipimo kilekile. Mgeni aliyekuja na ndizi moja alirudishwa akatafute ya pili. Pacha aliyepunjwa, nkambo alisema, halalamiki: anaugua tu, au anarudi alikotoka. Hakusema kwa kututisha. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha, uingize nguo.

Sasa, mwaka wa komunyo yetu ya kwanza, Tonton Mwansa alikuwa anatutengenezea viatu vyeupe. Vyangu viliisha Jumatano. Vya Kabange bado. Nikaambiwa vyangu vikae vikingoja vya mwenzangu, na mimi nikasema ndiyo, na nilimaanisha ndiyo, mpaka watu wote walipoingia ndani kula. Nikavivaa. Nikatembea hadi mwisho wa avenyu, nikawapitia wasichana wa kisimani polepole ili wasiseme hawakuniona, nikageuka. Nilikuwa bado sijafika nyumbani nilipoona watu wanambeba Kabange. Alikuwa ameanguka kutoka juu ya ukuta wa jirani, na mguu wake ulikuwa umevunjika chini ya goti.

Viatu nilivificha chini ya kitanda na vumbi lake. Sikumwambia mtu. Shuleni mwalimu alikuwa na methali moja aliyoipenda sana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wiki ile aliirudia akiwa na Kabange moyoni, ili sisi wengine tusipande kuta. Darasa zima likatikisa kichwa. Mimi peke yangu nilijua kwamba methali ilikosea mguu: asiyesikia nilikuwa mimi.

Mama alihamia hospitalini kumwuguza, kwa sababu zamani zile mgonjwa alipikiwa na kuoshwa na watu wake. Watoto tuliruhusiwa kuingia Jumapili tu, na Jumapili mbili nilijitia kuumwa tumbo ili nisimwone. Kisha siku moja mama akaja kuchukua nguo safi, nikamsikia akimwambia nkambo kwamba daktari ameutazama mguu tena, haujashika vizuri, Kabange atakaa zaidi. Wakubwa walisikitika. Mimi nilielewa kitu kingine kabisa. Mguu ulikuwa unangoja haki yake, na aliyeikalia haki hiyo nilikuwa mimi.

Katikati ya hofu hiyo ndipo Madamu alipokuja na kisanduku.

Alikuwa mke wa enjenia mmoja Mzungu wa kampuni ya shaba, mama mpole mwenye kofia ya majani, mteja wa baba wa mapazia na magauni. Alitoa kwenye kisanduku wanaume wawili wa plastiki ngumu, warefu kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi kifundo, wanaokunjika magoti na viwiko kama watu kamili. Sisi tulizoea mwanasesere mtoto, wa kubeba mgongoni. Sikuwahi kuona mwanasesere mwenye kidevu cha mwanamume. Walikuwa askari wa mtoto wake wa kiume, aliyekuwa anajiandaa kwenda shule ya bweni Ulaya, na aliyekataa katakata kwenda bila kapiteni wake. Kapiteni alikuwa na koti lililochanika kwapani, suruali iliyotoboka goti na buti mbili zilizopasuka visigino. Yule wa pili alikuwa peku, na matambara aliyobaki nayo mwilini yangetosha tu kuwa viraka.

Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Madamu aliieleza kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, cha kutoa amri hata kama moyo hauna amri. "Huyu, weye tengeneza muzuri. Huyu ingine, toa nguo yake, tia kwa huyu. Kiisha tupa." Akaahidi kurudi Ijumaa, akaenda zake.

Nkambo alikuwa anachambua matembele mlangoni. Akafuta mikono, akawachukua wale wanaume wawili, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu, akawageuza kwenye mwanga. Nywele zilezile. Pua ileile. Na kwenye shavu la kulia, wote wawili, kovu moja, limekatwa mahali pamoja.

"Hawa beko mapasa," akasema.

Baba akacheka, akamwambia ni plastiki tu, Mama. Nkambo akamjibu kwamba hata plastiki, hii ilizaliwa mbili, na kwamba Papa Mapasa hawezi kumvua pacha mmoja nguo amvike mwenzake, chini ya bati lilelile ambalo chini yake pacha mwingine hayupo kwa sababu amelazwa. Tonton Mwansa akainama juu ya meza yake asionekane anacheka. Baba hakubishana. Aliwaweka askari kwenye kopo kubwa la biskuti, akasema tutaona, akachukua chakula cha mgonjwa akaenda hospitalini. Tonton Mwansa akaenda kutafuta ngozi. Nkambo akarudi kwenye matembele yake, nyuma ya nyumba.

Nikabaki mimi na kopo. Nataka mnielewe: sikucheza. Nilifungua lile kopo nikiwa na moyo mzito kuliko kasisi. Mbele yangu walikuwa mapacha wawili, mmoja mwenye viatu, mmoja peku, na mimi nilijua kuliko mtu yeyote ulimwenguni nini kinampata yule aliye peku. Nikaanza na buti, hiyo ilikuwa rahisi: mbili kugawa kwa wawili, kila mmoja buti moja. Suruali ilinisumbua kidogo, lakini nayo ina miguu miwili. Nikachukua mkasi mkubwa wa baba, ule ambao kuugusa tu kulikuwa kosa, nikaikata katikati kutoka kiunoni hadi chini. Mguu mmoja kwa huyu, mguu mmoja kwa yule. Koti likapata njia hiyohiyo, mgongoni, mkono mmoja kwa kila mtu. Mkanda pia nikaukata. Kofia ya kapiteni ilikataa kukatika, nikaitupa kwenye jiko la pasi ili asiipate yeyote. Nilipomaliza niliwaegemeza ukutani, nikawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano ile nikapumua vizuri.

Baba aliporudi, Tonton Mwansa alikuwa tayari amesimama mbele yao, misumari mdomoni. Baba akawatazama wale askari nusu uchi. Uniformu ya Madamu, iliyotoka Ulaya, ambayo kitambaa chake hakikuwa na dada yake katika Lubumbashi nzima, ilikuwa vipande.

"Nani alikata?"

"Ni mie."

"Juu ya nini?"

"Ule wa peku angevunjika muguu."

Baba akakaa kwenye kiti chake cha cherehani. Hakunipiga. Akaniuliza pole pole nimelitoa wapi neno hilo, na hapo yote yakatoka: viatu vyeupe, avenyu, wasichana wa kisimani, vumbi lililo chini ya kitanda. Nililia mpaka kamasi zikanifika kidevuni. Tonton Mwansa akatema misumari mkononi, akaniazima leso yake iliyonuka rangi ya viatu.

Nilitazamia baba aniambie ni upuuzi, ukuta ndio uliomvunja Kabange, na leo najua kwamba hilo ndilo alilokuwa analiamini. Lakini alikuwa amelala chumba kimoja na mapacha miaka minane, na alijua mahali mamlaka yake yanapoishia.

"Ile mambo ya bilato, mie siwezi kuimaliza," akasema, yaani yale ya viatu. "Mie siko pasa. Dimanshi, siku batoto banaingia hospitali, utaenda kumwambia Kabange, weye mwenyewe, na kinywa yako. Lakini hawa, tutabavalisha bote babili."

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za furaha kuliko Noeli yoyote niliyowahi kuona, na nasema hivyo bila aibu. Wateja walikuja wakakuta mafundi wawili wenye vipara wameinamia wanaume wa plastiki, wakasahau kuulizia nguo zao. Baba aligundua mapema kwamba mwili mdogo haushonwi kama mwili mkubwa. Mshono ambao kwa mtu hauonekani, kwa yule askari ulikuwa uvimbe. Kwa hiyo alichambua uzi kutoka kwenye kipande cha hariri, unyuzi mmoja mmoja, na kazi ya kuutia kwenye sindano ikawa yangu, kwa kuwa macho yangu ndiyo yaliyokuwa bado machanga. Mikono ya koti aliishona koti likiwa bado limelala wazi kama samaki wa kukausha, ndipo akafunga mbavu. Upindo wa suruali hakuushona hata kidogo. Aliupaka gundi ya mpira, akaukandamiza kwa kijiko cha moto.

Kitambaa kilikuwa masalio ya nguo ya mkuu wa avenyu yetu, kijivu kizuri cha abakosti, lile koti la kiume lisilovaliwa na tai. Miaka ile, mnakumbuka, kola ya kukunja na tai vilikuwa vimepigwa marufuku na serikali, na mikono ya baba ilikuwa imekata abakosti nyingi hata ikasahau umbo lingine. Alimpima kapiteni kwa uzi wenye mafundo, akakata, akashona, akamvalisha, na ndipo sisi wote tukaona amefanya nini. Askari wa Ulaya alikuwa amesimama mezani na abakosti ya mikono mifupi, mfuko kifuani, tayari kwenda kwenye mkutano wa chama. Baba mwenyewe alishtuka. Kisha akasema kwamba mgeni naye afuate sheria ya nchi, akakata ya pili.

Buti zilimtesa Tonton Mwansa. Alichonga miguu miwili ya mti wa pera kuwa kalibu, akakata sehemu za juu kutoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, akatia soli za ngozi kutoka kwenye glavu kuukuu ya mtu wa tanuru. Misumari yake yote ilikuwa mikubwa mno, kwa hiyo alitumia gundi na sindano ya baba, akilalamika kwamba Papa Mapasa amemgeuza mwanamke wa kufuma. Buti ya kwanza ilitoka nzuri kabisa. Haikuingia. Mguu wa mtu hujikunja kidogo unapoingia kwenye buti, wa plastiki haujikunji, unagonga kisigino na kusimama hapo. Alijaribu sabuni, alijaribu unga wa mihogo, alijaribu kutukana kwa Kibemba. Nkambo, aliyekuwa amejifanya haoni, akaja na kikombe cha maji ya moto, akaitumbukiza buti ndani, akahesabu kimoyomoyo, akaitoa, akamvisha askari kwa kusukuma mara moja. Mpira ulilegea, ukapokea mguu, ukapoa ukamshika. Tonton Mwansa akamwuliza alijifunzia wapi, naye akamjibu kwamba ameshavalisha watoto tisa wasiotaka kuvaa.

Sheria ilishikwa mpaka mwisho. Nkambo hakukubali mmoja avae kabla ya mwenzake. Zilipokamilika buti zote nne, yeye alimshika mmoja, mimi nikamshika mwingine, na baba akasema moja, mbili, tatu.

Ijumaa Madamu akaja, safari hii na mtoto wake. Baba akawatoa askari kwenye kopo akawasimamisha mezani, wamekaza visigino, wote kijivu, wote buti zinang'aa, hakuna mwenye kiraka. Akasema wazi kwamba ile uniformu imeharibika mikononi mwa nyumba yake, na kwamba kosa ni lake. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kitasa. Madamu aliinama, akagusa mfuko wa kifuani kwa ncha ya kidole. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akavua kofia. Mtoto wake hakucheka. Aliwachukua wote wawili, akawatembeza ukingoni mwa meza hatua kwa hatua, mguu sambamba na mguu, na mama yake alipotaka kumtoa mmoja mkononi, alikaza ngumi.

Madamu akauliza kwa nini wawili. Baba akamweleza kwamba ni mapasa, wana sura moja, hawatenganishwi. Madamu akasema kwa Kifaransa, ah, fundi, wote wana sura hiyo, dukani kwao wamejaa kabati zima, uso uleule, kovu lilelile.

Nkambo aliomba atafsiriwe mara mbili kuhakikisha. Akajishika kiuno.

"Mama yabo," akauliza, "alizala bangapi?"

Jumapili nikaenda hospitalini. Kabange alikuwa amelala, mguu wake mweupe kwa plasta umenyanyuliwa kwa kamba, naye alikuwa amepungua mwili hata masikio yakaonekana makubwa. Alifurahi kuniona hivi kwamba nilitaka kukimbia. Nikapanda kitandani upande wa mguu mzima, nikamnong'oneza sikioni, kwa kuwa mama alikuwa palepale anakunja shuka. Nilimwambia yote. Kwamba nilivaa kwanza. Kwamba nilimpunja, na akaanguka saa ileile.

Kabange alikuwa anatafuna andazi. Alimaliza kulitafuna.

"Mie njo nilitangulia," akasema. "Siku ya mbele yake, Tonton alienda kunywa maji, nikavaa byangu, hata kama bilikuwa bado kuisha. Nikazunguka meza mara tatu."

Nilimtazama. Karibu wiki tatu za kutolala, za tumbo la uongo, za kusali magoti yakaota sugu, na kumbe huyu mwizi alishavaa viatu vyake kabla yangu, bila kuniambia, akanipunja mimi. Nikampiga konde la bega. Akapiga kelele, mama akaruka, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakainua vichwa, na mimi nikavutwa kwa sikio hadi nje, nikilia kwa hasira, na katikati ya hasira nikasikia mwili wangu mwepesi, mwepesi, mpaka nikaanza kucheka na sikio likiwa bado mkononi mwa mama.

Mguu ulishika. Komunyo tuliipokea baadaye mwaka uleule, tumevalishwa saa moja, nkambo akisimamia.

Miaka mingi ilipita. Tonton Mwansa alipozeeka akarudi Kasenga, na safari moja nilimtembelea huko, tukakaa mlangoni kwake tukila samaki, nikamsimulia kisa cha Kabange kuzunguka meza mara tatu. Nilidhani atacheka. Akaweka mfupa wa samaki pembeni ya sahani.

"Kyungu," akasema, "ile juma bilato ya Kabange haikukuwako. Ngozi yake ilikuwa ingali ndani ya maji. Hata kukata, nilikuwa sijakata."

Kabange sasa ni babu, anakaa Kolwezi, na hunipigia simu karibu kila Jumapili. Tukianza kubishana nani mkubwa, nani mjanja, hakosi kunikumbusha kwamba viatu vya komunyo yeye ndiye aliyetangulia kuvaa. Namkasirikia kama siku ile, namwita mwizi, nakata simu. Sijawahi kumwambia kwamba najua.